Siku moja maishani mwangu: mwanafunzi wa masta, majaruba ya Usangu na swali namba saba

Saa kumi na nusu alfajiri. Alamu inalia naizima, inalia tena naizima tena. Mbeya mwezi huu wa saba baridi haina adabu, nimelala na soksi na sweta na bado pua imekuwa barafu. Nasoma masta ya migogoro, watu kuhamishwa na usalama wa binadamu, jina refu mpaka mama yangu kule Tukuyu majirani wakimuuliza anajibu tu "anasomea vita". Nilishamwambia mama sio vita, akasema sawa mwanangu, kesho yake nikamsikia anamwambia mtu mwingine anasomea vita.

Saa kumi na moja na nusu niko Nane Nane kwenye costa. Konda anasema tunaondoka sasa hivi, na sasa hivi ya konda mnaijua. Nimekaa dirishani na begi la madodoso magotini, maana juu huwa wanaweka kuku na mwezi uliopita nilirudi na fomu zenye mavi ya kuku, supavaiza akaniuliza hii ni data au ni nini.

Tukishapita Uyole najaribu kusoma kwenye simu. Wazo lenyewe la usalama wa binadamu lilipata umaarufu kupitia ripoti ya maendeleo ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1994, ile iliyosema usalama sio mipaka na majeshi tu, ni mtu kuwa na uhakika wa chakula, kipato, afya, mazingira, nafsi yake, jamii yake na haki zake za kisiasa. Saba jumla. Nilipozisoma mara ya kwanza darasani niliona ni maneno tu ya mtihani. Huku field ndio nimeanza kuyaelewa, na sio kwa sababu ya vitabu.

Saa mbili na kitu nashuka, sweta linaingia kwenye begi. Ajabu ya nchi hii ni hapo, umetoka kwenye baridi ya milimani, masaa mawili tu mbele unatokwa na jasho bondeni. Chai na chapati mbili Rujewa halafu boda, kilomita nyingi za vumbi, kushoto na kulia majaruba, mengine yameshavunwa yamebaki mabua, mengine mpunga bado umesimama. Maji yote haya yanashuka kutoka Uporoto na Kipengere, yanapita bonde hili la Usangu, yanaingia kinamasi cha Ihefu, ndio yanakuwa mto Ruaha Mkuu unaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mpaka mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kwa hiyo ukigombania maji hapa unagombana na watu wengi ambao hata hawajui upo. Tangu 1993 mto ukawa unakauka kule chini hifadhini wakati wa kiangazi, na kila mtu ana wa kumlaumu, mkulima anasema ng'ombe, mfugaji anasema mifereji ya mpunga, wa mjini anasema wote wawili.

Saa tatu ofisi ya mtendaji wa kijiji. Barua ya mkoa ninayo, ya halmashauri ninayo, ya kata ninayo. Anazisoma zote taratibu halafu anauliza lile swali ambalo huulizwa kila ninapofika. "Mwanangu, wewe ni wa hifadhi au ni wa NGO?" Shikamoo baba, mimi mwanafunzi tu. "Marahaba. Mwanafunzi wa hifadhi?" Tunacheka lakini sio utani kabisa, huku mtu mwenye daftari akionekana anapima pima watu wanaanza kuhesabu watoto, wanahofia kuhamishwa.

Saa nne nafika kwa mama mmoja, anaanika mpunga kwenye turubai. Kamwene mama, kamwene. Naanza dodoso. Jina hatuandiki, umri, kazi, ukubwa wa shamba, yote yanakwenda vizuri mpaka swali namba saba: Je, umewahi kuwa mkimbizi wa ndani? Jibu weka tiki, ndiyo au hapana. Akaniangalia kama nimemtukana. Mkimbizi mimi? Mimi nimezaliwa hapa, mama yangu kazikwa pale, akanionyesha kwa kidole. Nikaweka tiki kwenye hapana.

Halafu akaacha kugeuza mpunga akanipeleka nyuma ya jiko kunionyesha bikoni, ile nguzo ya mpaka wa hifadhi. Kwa ambao hamjui, hifadhi ya wanyama ya Usangu ilitangazwa 1998, halafu kwa GN (tangazo la serikali) namba 28 ya 2008 ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mpaka ulipochorwa vijiji vingine vikajikuta ndani. Hapa hata mtoto wa darasa la tatu anajua neno GN. Hawasemi tangazo la serikali, wanasema "sisi tuko ndani ya GN" kama vile unavyosema tuko ndani ya mvua. Baadaye ikaja GN 754 ya 2023 mipaka ikabadilishwa tena, na katikati kulikuwa na ule mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, dola milioni 150, ambao Benki ya Dunia ilisimamisha hela zake Aprili 2024 na Novemba ukafutwa. Mama anayajua haya yote kuliko nilivyoyaandika kwenye proposo. Nikamuuliza mbona ukuta wa jikoni umeanguka upande. Akasema, "Nitajengaje dada, kesho wakisema toka?" Miaka yote hiyo hajaongeza hata tofali. Miembe pia hapandi. Huyu ndiye niliyemwekea tiki kwenye hapana.

Saa saba na nusu jua limekaa utosini. Mzee mfugaji, Msukuma, chini ya mti na redio. Nikajikakamua, mwangaluka baba! Akacheka sana, akasema binti hiyo salamu ni ya asubuhi, kaa unywe maziwa. Fomu ya ridhaa akakataa kusaini. Alisema kwa upole tu, karatasi aliyosaini mara ya mwisho ilimtoa mahali. Kwa hiyo nikamsomea, akakubali kwa mdomo, ndivyo utaratibu unavyoruhusu na mimi nashukuru upo.

Huyu ukimuuliza mwaka hakumbuki, ukimuuliza ng'ombe anakumbuka. Yule mwekundu mwenye pembe moja mama yake alizaliwa Ihefu, wakati wa operesheni ya 2006 na 2007 iliyotoa mifugo bondeni. Wengi walielekezwa Lindi, wengine wakaishia Rufiji, yeye akaishia Kilombero, akadhani amefika. 2012 nako ikaja operesheni. Anataja ng'ombe waliokufa njiani kwa majina, mmoja mmoja, kalamu yangu imesimama. Nikauliza namba saba. Akasema hapana, mkimbizi ni wa Burundi, "sisi tunaitwa wavamizi". Kila alikofika ameitwa hivyo, na alikotoka hakuna aliyemwita chochote. Tiki. Hapana.

Saa tisa na nusu kelele upande wa skimu ya umwagiliaji, ng'ombe wameingia kwenye mpunga wa mtu uliochelewa. Mabua ya jirani yameshavunwa, wa kwake bado, ng'ombe hajui mpaka. Bwana shamba akaitwa kutathmini hasara, vijana wenye fimbo upande huu, vijana wenye mapanga upande ule, mtendaji katikati anapiga mluzi kama refa. Nilitetemeka, sitasema uongo. Mwisho wakakubaliana fidia kwa magunia, italipwa wakishauza dume. Watu wakatawanyika, mmoja akaniambia leo umeona rahisi.

Saa kumi na mbili niko njiani kurudi, malori ya Zambia yamejipanga kwenye mlima, costa inapumua kama mgonjwa. Nililala.

Saa mbili na nusu usiku supavaiza ananipigia. Nikamwambia namba saba watu karibu wote wanajibu hapana. Akasema basi hayo ndiyo matokeo yako. Nikabisha kidogo (kwa heshima, dokta ni dokta). Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani inamhusu mtu aliyelazimika kuacha makazi bila kuvuka mpaka wa nchi, na inataja mpaka kuhamishwa kwa ajili ya miradi mikubwa ya maendeleo isiyo na ulazima mkubwa kwa umma. Haisemi lazima mtu mwenyewe alipende hilo jina. Nikamkumbusha na Ifunda na Kidugala, nyanda hizi hizi zetu, wakati wa vita kuu ya pili Wapolandi waliwekwa kambini pale, wakaitwa wakimbizi, wakapewa na paa na shule. Mzee wangu wa leo kahama mara zote hizo, jina alilopewa ni la mkosaji. Na yule mama hajahama hata hatua moja ila anaishi kama mzigo umeshafungwa, huyo miongozo yenyewe haina pa kumweka. Kimya. Nikadhani bando limekata. Halafu akasema, sawa, sasa utauliza nini?

Saa nne usiku, laptopu magotini, blanketi mabegani, chaji asilimia kumi na moja na umeme umekatika. Nimefuta namba saba. Nimeandika: Kabla ya hapa ulikuwa unalala wapi, na nini kilikuondoa? Chini yake nikaongeza nyingine: Ni kitu gani ulitaka kujenga au kupanda hapa ukaacha? Ya tatu, kwa wafugaji tu, inaanza na ng'ombe. Kesho saa kumi na nusu alamu. Yule mama itabidi nirudi kwake na fomu mpya, nimpelekee na sabuni.