Ninachokipenda ndo kinachonipa cha kuandika kodi za kompyuta

Ukitaka kumjua injinia wa softiwea usihangaike na sivii yake, mwombe akuonyeshe ile folda ya skripti zake mwenyewe, zile ambazo hakuna bosi aliyemtuma aziandike. Humo ndo utakuta anachokipenda. Ya kwangu imejaa mambo ya anga na gitaa, na leo naziongelea hizo programu ndogondogo kwa sababu naona watu wengi kwenye hii kazi wanatafuta mawazo ya projekti kwenye orodha za mtandaoni, wanaishia kuandika apu nyingine ya orodha ya kazi za siku, wakati wana vitu wanavipenda kabisa vimekaa tu vinawasubiri.

Nianze na anga. Napenda sana kuangalia setilaiti zikipita usiku, hasa ISS, kile kituo cha anga za juu, kiko juu kama kilomita 400 na kinaizunguka dunia kwa dakika 90 na kidogo, kikipita vizuri kinang'aa kuliko nyota yoyote afu unashangaa kinafifia na kupotea katikati ya anga nyeupe kabisa isiyo na wingu, maana kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Apu za kukuambia kitapita lini zipo kibao, na ni nzuri. Ila mi nilikua nataka niandike amri moja kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri, initolee mistari mitatu minne, yani ile mipito ya wiki hii ambayo kweli ntaiona kwa macho. Na utamu wote uko hapo kwenye kuiona. Setilaiti haionekani kwa taa zake, inaonekana kwa jua linaloipiga, kwa hiyo lazima mambo matatu yakutane: iwe imepanda vya kutosha juu ya upeo wa macho (mi naweka nyuzi 20, chini ya hapo majengo na miti vinaziba), huku chini niliko jua liwe limeshazama, na yenyewe kule juu iwe bado inapigwa na jua. Ndo maana mipito mingi mizuri inakua mwanzoni mwa usiku au kabla hakujakucha, sio usiku wa manane.

Data ya njia ya setilaiti inakuja kwa fomati ya zamani inaitwa TLE, mistari miwili tu, kila mmoja una herufi 69, na kila kitu kinakaa kwenye nafasi yake maalumu. Mwaka unaandikwa kwa tarakimu mbili: 57 mpaka 99 ni 1957 mpaka 1999, na 00 mpaka 56 ni 2000 kwenda mbele, kwa sababu Sputnik ilirushwa 1957 na kabla yake hakukua na setilaiti ya kuandikia. Tarakimu ya mwisho ya kila mstari ni ya ukaguzi, unajumlisha tarakimu zote zilizotangulia, alama ya kutoa unaihesabu 1, unachukua tarakimu ya mwisho ya jibu. Hesabu za kugeuza hiyo mistari iwe mahali setilaiti ilipo zinaitwa SGP4, zilichapishwa 1980 pamoja na kodi ya Fortran, lugha ya zamani ya programu, na mpaka leo ndo zinazotumika. Nilivyokaa nikaisoma ile fomati herufi kwa herufi nilijifunza kuheshimu data za watu wa zamani kuliko kozi yoyote niliyowahi kuchukua.

Sasa kuna kitu kimoja kwenye hiyo programu nakipenda kuliko hesabu zote, maandishi yake ni mekundu hafifu kwenye skrini nyeusi. Macho yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa simu unayaharibu hapohapo, ila mwekundu hafifu hauyasumbui sana kwa sababu zile chembe za jicho zinazoona gizani karibu haziuhisi. Hakuna dokumenti ya mahitaji ambayo ingeniandikia hicho kitu kama mwandishi wake hajawahi kusimama nje usiku na macho yake. Hapo ndo hoja yangu ilipo, anayependa kitu anazijua zile kero ndogo ambazo mtu wa nje hata hajui kama zipo, na programu nzuri mara nyingi zinatoka kwenye kero hizo.

Na sio mimi tu. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake, akaona mpangilio wa herufi unachukiza, akaacha kuandika kitabu akaanza kuandika TeX, programu ya kupanga kurasa, alidhani ni kazi fupi lakini ilimla kama miaka kumi, na leo hesabu nyingi unazozisoma kwenye majarida ya sayansi zimepangwa kwa TeX. Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux, anapenda kuzamia baharini, na mwaka 2011 alianzisha Subsurface, programu ya kuhifadhi kumbukumbu za kuzamia kwa sababu zilizokuwepo hazikumridhisha.

Ila anayenigusa zaidi ni Joe Taylor. Huyu ni mwanafizikia, alipata Nobel ya 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua pulsa (mabaki ya nyota yanayorusha mapigo ya redio) inayozungukana na nyota nyingine, yani maisha yake yalikua kuchimba mawimbi dhaifu kutoka kwenye kelele. Na pembeni, tangu ujana, ni mpenzi wa redio, wale watu wanaorusha mawimbi wenyewe kwa leseni kuongea na wenzao wa mbali. Akachukua ule ujuzi akauingiza kwenye programu ya WSJT, watu wakawa wanapiga mawimbi mwezini yanarudi na bado ujumbe unasomeka, na 2017 yeye na Steve Franke wakatoa FT8, ambayo inatuma ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde 15 na inasomeka hata pale sikio la mtu halisikii kitu zaidi ya mvumo. Kazi na mapenzi vimekutana kwa mtu mmoja, naona ni kitu kizuri sana.

Kwenye gitaa nina skripti ya kupunguza spidi ya rekodi ili nizifuate zile sehemu za haraka. Ukiipunguza kwa nusu hivihivi sauti inakua nzito, inashuka oktava nzima, kwa hiyo inabidi uikate vipande vidogo vinavyolaliana, uvichambue masafa yake, afu uviachanishe zaidi huku ukirekebisha mawimbi yaungane vizuri, mbinu ambayo Flanagan na Golden wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, waliichapisha 1966. Naiwekea rekodi alama mbili, skripti inarudia kipande kilicho katikati yake, na kila mzunguko spidi inapanda kidogo. Na amri zote zinatoka kwenye pedali ya mguu, maana mikono yote miwili iko kwenye nyuzi.

Sasa hivi naandika nyingine, ya nyota inaitwa Mira. Hii nyota mwangaza wake unapanda na kushuka kwa siku kama 332, kuna kipindi unaiona kwa macho bila shida na kuna kipindi inapotea kabisa mpaka uwe na darubini, na AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mwangaza, kimekua kikipokea makadirio ya nyota za namna hii kutoka kwa wapenzi wa kawaida tangu 1911. Unaikadiria kwa kuilinganisha na nyota jirani ambazo mwangaza wake unajulikana. Programu itanionyesha nyota za kulinganisha za usiku huo na kuhifadhi namba yangu kwenye faili la maandishi ya kawaida, bila akaunti wala seva. Ila inaficha makadirio yangu ya nyuma yote mpaka niandike jipya, kwa sababu ukishaiona namba ya wiki iliyopita jicho linaanza kuitafuta.