Kukausha muravumba na mubirizi Bukavu, mvua ikinyesha

Bukavu, mashariki mwa Kongo, mvua inaanza Septemba na kuisha Mei, na majani mazuri ya muravumba (Tetradenia riparia, mti wa dawa wenye harufu kali) yanapatikana miezi hiyohiyo. Kiangazi kikifika, mti unapukutisha majani na kutoa maua. Anayetaka dawa ya kikohozi ya mwaka mzima hana budi kukausha wakati hewa yenyewe imelowa. Nimefanikiwa hivi.

Jioni ya kuamkia siku ya kuchuma naumwagia mti maji kuondoa vumbi, kisha nachuma kesho yake saa nne, umande ukishakauka. Sioshi majani baada ya kuchuma. Muravumba una vinyweleo vinavyoshika maji, na maji hayo ndiyo yanayoleta ukungu.

Chanja yangu ni fremu ya mbao, mita 1 kwa sentimita 60, iliyowambwa kitambaa chepesi cha pazia. Chandarua cha kulalia situmii, maana vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu. Majani nayatoa kwenye vijiti. Mubirizi (Vernonia amygdalina, mti wa dawa wenye majani machungu) ni mwepesi, natandaza hata sentimita 2 kwenda juu na kugeuza asubuhi na jioni. Muravumba una majani manene yenye utomvu unaonata vidoleni. Hayo hayatakiwi kulaliana kabisa, yakilaliana yanakuwa meusi yanapogusana na kunuka.

Juani siweki: mafuta yenye harufu yanapotea, na hayo ndiyo tunayoyatafuta. Chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana kinatosha. Tatizo kubwa ni bati. Mchana linapasha joto vizuri, usiku linatoa jasho, na matone yanadondokea majani yaliyokwisha kukauka nusu. Ninashusha chanja mita 1 chini ya bati na kutandika shuka juu yake, bila kugusa majani.

Wiki ya mvua mfululizo naleta mbabula, yaani jiko la makaa, makala yakishaacha kutoa moshi, mlango ukiwa wazi na bila mtu kulala humo, kwa sababu hewa ya makala inaua. Kiganja kikiwekwa usawa wa majani kivumilie bila shida. Joto lisipite nyuzi 40.

Jani likivunjika usifurahi bado. Pinda mshipa wa kati: ukikunjika bila kukatika, maji yamo. Mimi najaza majani kwenye chupa ya kioo, naifunga na kuiacha usiku kucha mahali penye joto. Asubuhi kioo kikiwa na ukungu wa maji kwa ndani, yote yanarudi chanjani. Kilo 5 za majani mabichi ya mubirizi zinabaki karibu kilo 1; zikizidi sana hapo, hayajakauka.

Muravumba ni wa kujifukiza: konzi moja kwa lita 1 ya maji yaliyochemka, sufuria ikishatolewa motoni, dakika 10. Watoto wadogo wasifukizwe, wanaungua.

Mubirizi wazee wanautumia kwa minyoo na homa, na hapo nasisitiza kipimo. Sokwe wa milima ya Mahale, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakiugua wanamenya tawi changa la mti huu na kufyonza moyo wake, wakiacha gome na majani. Majani ndiyo yenye vernodalini nyingi, na hiyo ni sumu. Kwa hiyo kijiko kidogo kimoja kwa kikombe, sizidishi, na mama mjamzito simpi kamwe. Homa ikishukiwa kuwa malaria, mtu aende kupimwa kwanza. Chai ya majani isimcheleweshe.

Dawa iliyokauka naiweka kwenye chupa ya kioo au mfuko wa karatasi, gizani, na jina la mti na mwezi wa kuchumwa juu yake. Baada ya mwaka naitupa. Chupa ikinuka ukungu naimwaga yote, hata kama majani ya chini yanaonekana safi, kwani nyuzi za ukungu zinatangulia kuenea kabla jicho halijaziona.