Baraza la siasa lisivunjike: ninavyoliendesha la kwetu Kikwajuni

Baraza letu ni la saruji, limeegemea ukuta wa nyumba. Linakalisha watu 8 kwa raha, 12 kwa kubanana. Wakizidi hapo mazungumzo yanagawika: upande huu Gaza, upande ule bei ya mchele, na aliyekaa katikati hapati kitu. Tunaanza baada ya alasiri na tunasita magharibi. Wapo wa CCM, wapo wa ACT-Wazalendo, na wapo wasiosema wako wapi. Vyama vingi viliporudi 1992, na zaidi baada ya uchaguzi wa 1995, mabaraza mengi ya Unguja na Pemba yaligawika kwa vyama, ikafika mahali watu hawazikani. Nalichunga hili kwa kuwa najua wepesi wa kuvunjika kwake.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni kutenga habari na rai. Anayeleta jambo anajibu kwanza: nani kasema, lini, na wewe umelipata wapi. Mtu akianza na "hawa wameshaiuza nchi", namuuliza kwa upole, "Sheikh wangu, hiyo habari au rai yako?" Akisema ni rai, tunaisikiliza kama rai, na hakuna wa kumwita mwongo. Ugomvi mwingi niliouona unaanzia hapo: mtu katoa hisia zake, akajibiwa kama kwamba kaleta taarifa ya uongo.

Chini ya mkeka nina bahasha ya plastiki yenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na Katiba ya Zanzibar ya 1984. Ukurasa uliochakaa kuliko wote ni Nyongeza ya Kwanza ya ile ya Muungano, yenye orodha ya mambo 22 ya Muungano, yaani yanayosimamiwa na Serikali ya Muungano. Mwaka 1964 yalikuwa 11, na watu wazima barazani hawachoki kukumbusha hilo. Mwanzo nilidhani kuwa na orodha kunamaliza mabishano. Hakumalizi, ila kunayapeleka pazuri. Chukua mafuta na gesi: kipengele cha 15 kinasema ni jambo la Muungano. Lakini Sheria ya Petroli ya 2015 iliiachia Zanzibar isimamie yake, na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar likatunga Sheria ya Mafuta na Gesi 2016. Anayesema ni ya Muungano ana karatasi, na anayesema ni ya Zanzibar naye ana karatasi. Hapo ndipo swali lenye maana linapojitokeza: je, sheria ya kawaida inaweza kupunguza kilichoandikwa kwenye katiba? Jioni nzima inaweza kwisha hapo, na hakuna aliyetukanwa.

Orodha hiyo hiyo inanisaidia kukamata barua za kughushi. Inapita barua kwenye simu, ina nembo ya Jamhuri ya Muungano, inatoa amri kwa hospitali za Unguja na Pemba. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo amri kama hiyo hapa inatoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Naangalia pia kama siku na tarehe vinaoana, maana waghushi wengi wanaandika Ijumaa ilhali kalenda inasema Jumatano. Baada ya hapo natazama kumbukumbu namba na cheo cha aliyetia sahihi.

Kwa sauti na video za WhatsApp, tunatazama mishale miwili iliyo juu ya ujumbe. Ikiwepo, maana yake ujumbe umeshapita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unapelekwa sehemu moja tu kwa mara moja. Mishale haithibitishi uongo. Inatuambia tu kwamba aliyetuletea si aliyeshuhudia. Sauti isiyo na jina la msemaji haichezwi barazani. Video tunaisimamisha pale panapoonekana kibao, namba za gari au sare, tunapiga picha ya skrini na kuitafuta kwenye intaneti. Kosa la kawaida ni kutafuta kwa picha ya mwanzo, ambayo mara nyingi imekatwa au kuandikwa maneno juu yake. Matokeo yake ni matupu, watu wanadhani video ni mpya kumbe ya vita vya miaka kumi nyuma.

Redioni tunasikiliza habari moja kwa idhaa mbili au tatu: ZBC, BBC Swahili iliyoanza 1957, Deutsche Welle iliyoanza 1963. Kazi yangu ni kuwakumbusha wenzangu wasikilize vitenzi. "Ameuawa" na "amefariki" si sawa, "amesema" na "amedai" si sawa, na mtangazaji anapochagua neno ameshakuelekeza pa kusimama. Saa nazo zinatia watu makosani: tukio la saa 12:00 GMT, yaani adhuhuri kwa saa za Greenwich, kwetu ni saa 9 alasiri, na nimeona watu wakigombana kwamba idhaa moja imedanganya kumbe wote wametaja wakati mmoja.

Msimu wa uchaguzi ndio mgumu. Mpiga kura wa Zanzibar anapewa karatasi tano: Rais wa Muungano, mbunge, Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani. Tume ni mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, kwa hiyo kila tetesi ya matokeo nauliza ni ya tume ipi. Mwaka 2015 ndio ushahidi wangu. Kura zilipigwa Oktoba 25, na Oktoba 28 mwenyekiti wa tume ya Zanzibar akatangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar, huku matokeo ya Muungano yakisimama. Watu walewale, siku ileile, vituo vilevile! Uchungu wa hilo haujaisha hata leo, na mtu akitaka kuusema namwachia auseme mpaka mwisho bila kukatizwa.

Kwa mambo ya dunia natumia kete za dhumna. Napanga 15 wima: hilo ndilo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Tano nazisogeza mbele: Marekani, Urusi, China, Uingereza, Ufaransa. Azimio zito linataka kura 9, na moja katika zile tano ikikataa, nazibomoa zote. Ikijizuia kupiga kura, nailaza kifudifudi na azimio linaweza kupita. Ndivyo ilivyokuwa Machi 25, 2024 juu ya kusitisha vita Gaza: 14 wima, ya Marekani imelala. Mtu akiziona kete mbele yake haulizi tena kwa nini kura 14 siku nyengine hazitoshi.

Mahakama za The Hague nazo zinachanganywa sana. ICJ, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inahukumu nchi kwa nchi, na huko ndiko Afrika Kusini ilikoishitaki Israel Desemba 29, 2023. ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, inashitaki watu, na ndiyo iliyotoa hati ya kumkamata Netanyahu Novemba 21, 2024. Haina polisi wake, inategemea nchi wanachama zikamate. Kila anayelalamika kwamba "mahakama imeshindwa", kwanza aseme ipi.

Sauti zikipanda namwita muuza kahawa. Dele linakuwa juu ya makaa, kahawa chungu inamiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, inabidi ukamate ukingo kwa vidole viwili na kuvuta taratibu. Aliyekamata kikombe hicho hawezi kunyoosha kidole wala kupiga kelele. Wa kwanza kupewa ni yule aliyehamaki zaidi, na kashata ya njugu juu yake.

Ikiadhiniwa magharibi tunanyanyuka hata kama sentensi haijaisha. Aliyekuwa akizungumza naliandika jina lake kwa chaki ukutani, juu ya mahali alipokaa, na kesho alasiri yeye ndiye anayefungua.