Utani wa Kabila Unapohamia Kwenye Simu

Shule nyingi za bweni nchini Kenya haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Kwa sababu hiyo, kijana wa sekondari hapa kwetu husakamwa mtandaoni zaidi wakati wa likizo, akiwa kwao, huku wanaomsakama wametawanyika Kisii, Wajir, Kiambu na Homa Bay. Ifikapo Aprili, Agosti na Desemba, kundi la WhatsApp la darasa lililokuwa limelala huamka kwa kishindo. Mwalimu halioni kwa kuwa shule imefungwa, na mzazi, hata akichungulia, hukuta majina ya utani na picha za vibonzo asizojua ni za nani. Shule zikifunguliwa, waliotukanana mwezi mzima hurudi kulala katika bweni moja, pengine mmoja juu na mwingine chini katika kitanda kimoja cha dabodeka.

Ninafundisha katika shule ya mseto katika Kaunti ya Nakuru, na kisa nitakachokieleza nimekibadilisha kiasi ili wahusika wasitambulike. Msichana mmoja ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kikuyu alimtumia mwenzake ujumbe wa sauti akimweleza kazi ya likizo ya somo la Kemia. Kila palipokuwa na "l" alitamka "r", jambo ambalo darasani hatulitilii maanani kwa sababu kila mmoja wetu ana lafudhi yake, nami nikiwemo. Mwenzake aliukata ujumbe ule, akauwekea mdundo na kuupandisha TikTok, na kufikia jioni wanafunzi kadhaa walikuwa wamejirekodi wakichezesha midomo kwa sauti ya yule msichana, wakicheka jinsi "anavyoshrabu", yaani anavyotamka maneno kwa lafudhi ya lugha ya mama. Aliyeikata sauti hiyo alikuwa kijana Mluo. Haikuchukua muda, naye akatengenezewa stika yenye picha yake ya sare ya shule na neno "kihii", tusi la Kikuyu kwa mwanamume asiyetahiriwa, kwa herufi kubwa.

Neno hilo si mchezo wa watoto. Mwaka 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilichapisha orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya uchochezi, na "kihii" lilikuwamo pamoja na "madoadoa" na "mende". Wanafunzi wangu wengi hawakuwa wamezaliwa ghasia za mwaka 2007 na 2008 zilipoua zaidi ya watu 1,100, nyingi ya ghasia hizo zikiwa hapa hapa Bonde la Ufa. Hata hivyo, wanayajua maneno haya na wanajua kabisa yanaelekezwa kwa nani. (Tusiusingizie mtandao peke yake, yapo yaliyosemwa mezani, mjomba akitazama taarifa ya habari.)

Nikilileta jambo hili kwenye mkutano wa walimu au wa wazazi, jibu ninalolipata ni lile lile: huo ni utani tu, sisi pia tulitaniana. Ni kweli tulitaniana, tena sana. Mchongoano ulitulea, na sina ugomvi nao. Lakini mchongoano ulikuwa na taratibu ambazo hakuna aliyetufundisha na sote tulizifuata. Mlisimama ana kwa ana, ukachongoa kisha ukachongolewa, wasikilizaji wakawacheka wote wawili kwa zamu, na kengele ilipolia mkaingia darasani pamoja. Ukimwona mwenzako macho yamelengalenga, ulibadilisha mada ukamchongoa mtu mwingine. Kwenye simu hakuna anayeyaona macho hayo. Aliyetuma stika ameshalala, huku aliyetumiwa akiihesabu ikisambazwa saa nane za usiku, asijue ni nani ameiona, na hana zamu ya kujibu kwa sababu akijibu ataambiwa amekasirikia mzaha. Kukiita kitu hicho utani kunamnyima mtoto hata haki ya kusema ameumia.

Tena si kweli kwamba maneno yote ya kikabila yana uzito sawa. Anayechekwa lafudhi hudhalilishwa, lakini hakuna anayemwambia kwamba hapa si kwao. Mwanafunzi Msomali wa Eastleigh au Garissa hupokea kitu kingine. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, lililoua watu 148, kumwita kijana wa Kisomali gaidi kulizoeleka kiasi kwamba leo, wavulana wanapocheza mchezo wa simu wa Free Fire, anaweza kuulizwa mbele ya timu nzima bomu lake liko wapi, na wote wakacheka. Mwaka mmoja kabla ya shambulio hilo, polisi walikuwa wamefanya msako Eastleigh na kuwazuilia watu kwa wingi katika uwanja wa Kasarani. Kwa miaka mingi vijana wa jamii hiyo walilazimika kufanyiwa usaili wa ziada ili wapate kitambulisho, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza kwamba utaratibu huo unaondolewa. Kijana aliyemwona kaka yake akihojiwa na kamati kuhusu babu zake, kisha akaandikiwa "rudi kwenu" na mtu anayeketi naye dawati moja, husikia sauti ya mwanafunzi mwenzake na ya serikali kwa pamoja.

Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliofanywa nchini mwaka 2021, ulionyesha kwamba asilimia 44 hivi walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Sidai kwamba simu ndiyo iliyoyaleta yote hayo. Ninachokiona kwa macho yangu ni dalili zinazojitokeza wiki ya mwisho ya likizo na wiki ya kwanza ya muhula: tumbo linalouma bila ugonjwa kuonekana hospitalini, usingizi usiokuja, mwanafunzi hodari anayeanza kukaa nyuma ya darasa na hajibu tena maswali. Yule msichana wa Kemia, kwa maelezo ya mamake, alikuwa ameacha kuzungumza Kikuyu na nyanyake. Ajuza alipopiga simu, alijibiwa kwa Kiingereza asichokijua. Mama alidhani ni kiburi cha shule kubwa.

Msaada nao una vizingiti vyake. Mwalimu wa ushauri nasaha mara nyingi ana vipindi vyake vyote vya kufundisha, na katika shule fulani ndiye huyo huyo anayeketi kwenye kamati ya nidhamu, kwa hiyo mwanafunzi huingia ofisini mwake akiwa ameitwa, si kwa hiari. Anayetaka kumwona daktari wa akili huambiwa na wenzake kwamba anapelekwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili jijini Nairobi, na hilo pekee hutosha kumfunga mdomo. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba, aliyejaribu kujiua alihesabiwa kuwa mhalifu, na mzazi aliogopa kumpeleka mtoto hospitalini akasema ukweli. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mtandaoni inaweza kumtoza mnyanyasaji faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10. Sioni inamsaidia vipi mtoto wa miaka 15 aliyetengeneza stika, wala yule aliyetengenezewa.

Nambari ya simu ya watoto, 116, haitozwi malipo na hupokewa usiku na mchana. Ninaiandika ubaoni kabla ya kila likizo. Ninauunga mkono pia mtindo wa Shamiri, shirika la hapa nchini linalowatumia vijana waliomaliza sekondari juzi tu kuongoza vikao vichache vya kundi na wanafunzi. Kijana wa miaka 20 anajua stika ni nini, na hakuna anayemwogopa kama naibu mwalimu mkuu.

Siku ya kufungua shule, masanduku ya chuma hupekuliwa langoni moja moja kutafuta simu, na kazi hiyo hufanywa kwa bidii ya kupigiwa mfano. Muhula ujao nimeomba vipindi viwili vya wiki ya kwanza, kabla ya mtihani wa ufunguzi, ili madarasa yaketi na vijana wa Shamiri yazungumzie yaliyotokea ndani ya simu zilizoachwa nyumbani. Kipindi kimoja nimekubaliwa. Cha pili, nimeambiwa, kinahitajika kwa marudio ya Hesabu.