Kanga Isiyokuwa na Jina

Riwaya yangu ina wapenzi wawili wa mwaka 1872 na wawili wa leo, na kwa miezi minane enzi hizo mbili zilikataa kushikana. Zuhura yuko Unguja. Salim, nahodha wake, ameshakwenda Pemba na jahazi inapopiga tufani ya tarehe 15 Aprili, ikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Zuhura anaambiwa mtu wake kazama, anaozwa kwingine. Kumbe Pemba ilinusurika.

Mpaka hapo sikuwa na shida. Shida ilikuwa kitu gani kiwafikie vilembwe wao. Barua ndani ya kasha nimezisoma hadi zimenikinai, basi nikaweka kanga ya Salim yenye jina la mafumbo. Nikaandika sura kumi na moja, nikamsomea bibi yangu, mzaliwa wa Wete, Pemba.

"Mjukuu wangu, hiyo kanga ina jina?"

"Ndiyo bibi, ndiyo siri yenyewe."

"Bibi yangu mimi akisema kanga za mama yake hazikuwa na maandishi. Ya huyo mwari wako kaandika nani?"

Nilibisha, kisha nikaenda kusoma. Majina kwenye kanga ni mambo ya karne ya 20. Sura kumi na moja zikaenda na maji.

Bibi huyo huyo akaniokoa bila kujua, siku aliyokuwa akilalamikia mirathi ya watu. Kwetu ardhi huweza kuwa ya mmoja na mikarafuu iliyosimama juu yake ya mwingine. Nikamvua Zuhura kanga, nikampa Salim miche ishirini aipande Pemba kwa jina la mpenziwe. Wapenzi wa leo sasa wanaanza kwa ugomvi: kijana ambaye babu yake alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi, na binti wa Mjini anayedai miti ya mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga Pemba.

Niliandika ya 1872 yote kwanza, saa zikihesabiwa kwa sala. Halafu ya leo. Kisha nikatandaza sura zote mkekani na kuzipanga upya, nikihakikisha ya zamani haijibu swali ambalo ya leo haijaliuliza. Kazi ya wiki tatu, na mgongo uliniuma.

Bibi sasa anataka kujua kwa nini Salim hakuleta hata salamu. Nimemwambia alipopata chombo cha kumrudisha, harusi ilishapita. Hajaridhika.