Njia ya Kamituga, na tuta lililoachwa pamoja na sumu yake

Kutoka Bukavu hadi Kamituga, mji wa dhahabu huku mashariki mwa Kongo, ni kilomita kama 180. Nililipa dola 50 nikabanwa kati ya magunia ya chumvi, nikiahidiwa kufika jioni. Tulipopita Kilungutwe tukakuta lori limezama kwenye tope, magari yote yamesimama nyuma yake. Tukalala njiani, sahani ya wali ikiuzwa maradufu ya bei ya mjini.

Mwenzangu wa kiti alikuwa mzee wa Kahama, aliyezeekea kwenye migodi ya dhahabu ya Tanzania. Ndiye aliyenieleza, hadi usiku wa manane, tuta la sianidi, sumu ya kutolea dhahabu kwenye mawe, linavyoendeshwa na linavyofungwa. Mawe yaliyopondwa hulundikwa juu ya turubai nene la plastiki, yakanyunyiziwa maji ya sianidi. Dhahabu inayeyuka, inashuka bwawani. Chokaa hushikilia pH, kipimo cha ukali wa asidi, kwenye 10 na ushei, maana ikishuka, sianidi hugeuka gesi inayoua.

“Sasa dhahabu ikiisha, mzee?”

“Tuta linaoshwa, mwanangu. Jua linaivunja sumu ya juu, ndani halifiki.”

Maji hupitishwa humo miezi, hata miaka, yakipimwa na kusafishwa. Ndipo miteremko hulazwa na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi mvua isipenye, kwani sianidi ikishatoka, arseniki, sumu nyingine iliyomo kwenye mawe yenyewe, huweza kuendelea kuchuruzika. Akanitajia mgodi wa Summitville, kule Colorado, Marekani: mwaka 1992 mwenye mgodi alifilisika akaondoka, na serikali ikatumia zaidi ya dola milioni 150 kusafisha.

Kamituga nilimaliza shughuli zangu upesi. Asubuhi moja mzee akanipeleka nyuma ya kiwanja kimoja kilichohamwa. Mchanga wa kijivu umelundikana kupita kimo cha mtu, plastiki imechanika ukingoni, na mvua imechimba mfereji mwembamba mpaka kijitoni. Hapo chini mama mmoja ameloweka mihogo.

“Mama, loweka kule juu, kabla ya tuta hili.”

“Papa, kule juu kuna mashimo ya wachimbaji. Niende wapi?”

Hatukuwa na jibu. Vijito vya huko huingia mto Elila, na Elila huingia mto Lualaba. Dhahabu yenyewe huja kwetu Bukavu, tukaisifia kwenye pete za arusi. Sheria ya madini ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamdai mwenye mgodi aweke dhamana ya fedha za kurekebisha ardhi. Dhamana ya tuta lile iko kwa nani? Mzee alisema kuliosha kungehitaji kwanza pampu. Majirani wakatuambia pampu ndiyo iliyotangulia kupakiwa siku ile wenye kiwanja walipohama.