Leo Manda nimeona kitu

Wallahi mpaka sai mikono yatetemeka. Asubuhi nimempeleka mamangu Manda, kile kisiwa chenye uwanja wa ndege hapa Lamu, apande ndege ya Nairobi, tumevuka na boti vizuri, tumeketi zetu kivulini twasubiri, mara kikatoka kindege cha mtu binafsi, cha injini moja, kikaanza kukimbia kwa ranwei. Nikamwambia mama mbona hiki hakinyanyuki? Kikanyanyuka kidogo tu kama kuku anaruka ua, bawa la kushoto likalala, kikarudi chini puu! kikateleza mpaka vichakani, vumbi tupu. Jua lilikua kali na hewa ikiwa moto ndege hupaa kwa shida, ila hayo wacha wataalamu waangalie. Rubani katoka mwenyewe, kiatu kimoja, akasimama tu kuiangalia propela ilivyojikunja kama ganda la ndizi. Abiria wake wawili wamechubuka tu, alhamdulillahi. Walipoletwa kivulini mzee mmoja wa mkokoteni kampa rubani maji, akamwambia "kaa chini kwanza mwanangu", jamaa kikombe chamwagika chote kifuani. Mama naye kakataa katakata kupanda, tumerudi Amu (Lamu mjini) na boti ileile, na pesa ya tiketi ndo ishaenda hivyo 😩